Umeme wa Kiymbi: Kazi, Fahari na Mshahara Uliopoteza Thamani Kaskazini mwa Katanga

Bendera ni makazi ya milimani yaliyo zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa mji wa Kalemie, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, kwenye njia inayopanda kuelekea Fizi. Hayana bandari wala reli, na kama jina lake limeingia katika vitabu vya historia, limeingia kwa sababu ya mto Kiymbi, ambao baadhi ya waandishi huuita Kimbi, na mitambo miwili inayozungushwa na maji yake. Kituo cha kuzalisha umeme cha Bendera kilianza kazi mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kongo, kikiwa na turbini mbili, yaani magurudumu ya chuma yanayozungushwa kwa nguvu ya maji, kila moja ikiwa na uwezo wa megawati 8.6, hivyo kwamba kituo kizima kinahesabiwa kuwa na megawati 17.2. Kwa kipimo cha Inga, kituo kikubwa kilicho kwenye mto Kongo upande wa magharibi wa nchi, kiasi hicho ni kidogo sana. Lakini kwa Kalemie, mji wa bandari, reli na viwanda, hakukuwa na chanzo kingine cha kulinganishwa nacho. Kwa sababu hiyo kila utawala uliopita katika eneo hilo, wa kikoloni, wa kiraia, wa kijeshi au wa waasi, ulihitaji mitambo ya Bendera izunguke, hata pale ambapo haukuwa na uwezo au nia ya kumlipa ipasavyo anayeizungusha. Katika pengo hilo, kati ya kazi ambayo haiwezi kusimama na mshahara ambao husimama mara kwa mara, ndipo inapoweza kusomwa historia ya fahari ya kazi katika sehemu hii ya Kongo, nayo ni historia yenye sura mbili, kwa kuwa fahari iliyomwezesha mfanyakazi kusimama wima ndiyo hiyo hiyo iliyowawezesha waajiri kuahirisha malipo yake.

Kazi ya ujira katika nchi iliyo kati ya ziwa na mto Lualaba ni ya zamani kuliko ukoloni wa Wabelgiji. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji ilivuka ziwa kwa mashua hadi Mtowa, karibu na mahali ilipo Kalemie ya leo, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliokuwa na desturi zao za kupatana malipo, za kugoma walipodhulumiwa, na za kumheshimu kijana aliyekwisha kufika pwani na kurudi. Upagazi haukuwa utumwa, ingawa mara nyingi ulitembea katika njia moja na utumwa, na mpagazi alijua vizuri tofauti hiyo. Desturi za namna hiyo zilikatizwa pale Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, iliyodumu kuanzia 1885 hadi 1908, na baada yake serikali ya Ubelgiji, zilipogeuza kazi kuwa wajibu wa kisheria: kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu ili watu walazimike kuitafuta fedha hiyo kwa mwajiri, na kuanzia 1917 wakulima wa wilaya nyingi walilazimishwa kulima pamba na mazao mengine kwa idadi ya siku iliyowekwa na sheria, siku ambazo wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, zilifikishwa 120 kwa mwaka.

Reli ilifika ukingoni mwa ziwa mwaka 1915, wakati wa vita dhidi ya Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya ziwa, huko Kigoma. Ilijengwa kutoka Kabalo na kampuni ya CFL, iliyokuwa na dhamana ya njia za reli na meli za eneo la Maziwa Makuu, na mji wa Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa wakati huo, ukakua kuwa kiungo kati ya mito ya Kongo na reli ya kati ya Tanganyika iendayo Dar es Salaam. Baada ya vita Wabelgiji walipata kwa mapatano ya mwaka 1921 haki ya kutumia sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam, mahali palipoitwa Belbase, na kwa hiyo kuli wa Albertville, kuli wa Kigoma na kuli wa Dar es Salaam walikuwa wakishika mzigo ule ule katika hatua tofauti za safari moja. Ajira hiyo ya reli na bandari ilileta utaratibu wa kambi. Kambi, kwa maana ya kampuni za Kongo ya Kibelgiji, ilikuwa mtaa wa nyumba za mistari uliojengwa na mwajiri, ambamo mfanyakazi aliishi na mkewe na watoto, akipewa posho, yaani mgao wa chakula wa kila juma, na kutibiwa katika zahanati ya kampuni. Kapita, msimamizi Mwafrika aliyesimama kati ya Mzungu na kikosi cha wafanyakazi, ndiye aliyehesabu watu alfajiri. Mfanyakazi alijulikana kwa namba yake ya matrikili kabla ya kujulikana kwa jina lake. Ulikuwa mpango wa kuwatawala watu, na hakuna haja ya kuupamba. Hata hivyo ulizaa jambo ambalo waasisi wake hawakulikusudia kwa ukamilifu wake, nalo ni tabaka la watu waliojitambua kwa ufundi wao, waliorithishana nafasi kazini kutoka baba hadi mwana, na ambao kwa macho yao kulegea kazini kulikuwa aibu ya nyumba nzima.

Baada ya 1945 Albertville iligeuka kuwa mji wa viwanda. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilisokota na kufuma pamba ya Kongo. Huko Kabimba, kwenye ufuko wa ziwa kaskazini mwa mji, kiwanda cha Interlacs kilichoma mawe ya chokaa kutengeneza saruji. Na bonde la Lukuga lilikuwa na makaa ya mawe yaliyokwisha kuchimbwa kwa miaka mingi. Viwanda vya namna hiyo hula nishati, na mpango wa miaka kumi wa maendeleo ya Kongo ya Kibelgiji, uliotangazwa mwaka 1949, uliweka umeme wa maji miongoni mwa mambo ya kwanza. Upande wa mashariki kazi hiyo iliangukia mikononi mwa kampuni ya Forces de l'Est, na matunda yake yalionekana mwishoni mwa muongo katika vituo viwili: Ruzizi, kwa ajili ya Bukavu na majirani zake, na Bendera, kwa ajili ya Albertville. Jengo la Bendera lilipangwa kwa upeo mkubwa zaidi ya mahitaji ya siku hiyo, kwa hesabu ya turbini tano ambazo zingefikisha megawati 43. Mbili zikawekwa, tatu zikaachwa kwa wakati ujao.

Inafaa kueleza kwa urefu kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu tabia ya kazi hutengeneza tabia ya mfanyakazi, na umeme wa maji una tabia zake. Maji ya mto huzuiwa kwa ukuta, huchujwa kwa nondo zilizopangwa kama uzio ili magogo, majani na mawe yasipite, kisha huteremshwa kwa bomba nene hadi chini ya mteremko, ambako kasi yake husukuma turbini; ekseli ya turbini huzungusha jenereta, jenereta huzalisha umeme, na transfoma huupandisha msongo ili uweze kusafiri mbali bila kupotea sana njiani. Kutoka hapo nyaya hupita juu ya vilima na misitu hadi Kalemie, na kila nguzo katika safari hiyo ni mahali panapoweza kuharibika. Mtu wa kuchuja takataka hana siku ya mapumziko wakati wa masika, kwani mvua zinapoongezeka ndipo mto huleta uchafu mwingi zaidi. Fundi wa beringi, vile vyuma vinavyobeba ekseli inayozunguka, husikiliza na kugusa kuliko anavyotazama, maana beringi ikianza kupata joto kupita kiasi hutoa ishara ndogo, na ishara hiyo ikipuuzwa kwa saa chache mtambo wa mamilioni huweza kuharibika. Mlinzi wa ubao wa vipimo hukaa zamu ya usiku akiandika namba katika daftari, saa baada ya saa, na ubora wa kazi yake unapimwa kwa jambo lisilotokea. Mfumaji wa Filtisaf aliweza kuonyesha kitambaa alichokifuma, na dereva wa treni alisikika akipiga honi kabla hajafika stesheni. Mtu wa Bendera alizalisha kitu kisichoonekana, kilichotumika siku iyo hiyo na watu wasiomjua, na ambacho kilikumbukwa pale tu kilipokatika. Pengine ndiyo maana daftari la zamu lilipewa uzito mkubwa katika vituo vya aina hiyo, kwa sababu ndilo lililokuwa shahidi pekee.

Wafanyakazi Waafrika wa kituo hicho hawakupata muda wa kujifunza kwa utulivu. Sera ya elimu ya Wabelgiji iliwekeza katika shule za msingi na mafunzo ya mikono huku ikiufunga mlango wa juu, hivyo kwamba nchi yote ilifika uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofikia thelathini. Wahandisi na mafundi wakuu walikuwa Wazungu, na wengi wao waliondoka katika majuma ya ghasia yaliyofuata uasi wa jeshi na kujitenga kwa Katanga chini ya Moïse Tshombe tarehe 11 Julai. Kote Kongo, katika reli, migodi na mitambo, nafasi zilizoachwa wazi zilijazwa na watu waliokuwa wasaidizi, ambao ujuzi wao ulitokana na kushika bisibisi chini ya amri ya mwingine kwa miaka kumi au kumi na mitano. Utabiri wa kwamba kila kitu kingesimama ndani ya mwaka haukutimia. Jambo hili halijapewa nafasi ya kutosha katika historia zinazoandikwa kuhusu msukosuko wa Kongo, ambazo hupenda wanasiasa na askari wa kukodiwa, ilhali kuendelea kwa treni, meli na mitambo ya umeme katika miaka hiyo ni tukio la kihistoria lenye uzito sawa na mapinduzi yoyote.

Kaskazini mwa Katanga hakukuwa na utulivu. Chama cha Balubakat, kilichowakilisha Waluba wengi wa kaskazini, kilikataa utawala wa Tshombe, na mapigano yakaenea kando ya reli. Huko Niemba, magharibi mwa Albertville, wanajeshi tisa wa Ireland waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa waliuawa tarehe 8 Novemba 1960. Mwezi Juni 1964 waasi waliojiita Simba, wakiongozwa upande huo na Gaston Soumialot, waliiteka Albertville, na kiongozi wa Balubakat, Jason Sendwe, aliuawa wakati huo. Mwishoni mwa Agosti jeshi la serikali pamoja na askari wa kukodiwa liliuchukua tena mji. Waasi walirudi milimani kuelekea Fizi, na Bendera, iliyokuwa nyuma ya mji, ikawa mstari wa mbele.

Hapo ndipo kituo cha umeme kilipoingia katika habari za dunia. Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akiwa na Wakuba wa kwanza, akitumia jina la Kiswahili la Tatu, kwani aliwapa wenzake majina ya namba, na Víctor Dreke akawa Moja. Uongozi wa waasi wa mashariki, ambao Laurent-Désiré Kabila alikuwa mmoja wa wakuu wake, uliagiza ngome ya Bendera ishambuliwe, ingawa Guevara alipendelea kuanza na shabaha ndogo zaidi. Shambulio lilifanyika tarehe 29 Juni 1965 chini ya uongozi wa Dreke, likiwa na Wakuba, Wakongo na wapiganaji wa Rwanda waliokuwa wakimbizi, nalo likashindwa: Wakuba wanne walikufa, Wanyarwanda wengi zaidi, na vitu vilivyopatikana kwenye miili ya Wakuba, pamoja na shajara, viliwapa maadui ushahidi wa kwanza wa kwamba Kuba ilikuwa vitani Kongo. Guevara mwenyewe aliondoka mwezi Novemba. Vitabu vinavyosimulia vita hiyo vinaitaja Bendera kama shabaha, kwa maana ya mahali pa kuteka au kulinda, na ni vigumu kupata ndani yake sentensi moja inayomkumbuka mtu aliyekuwa ndani ya jumba la mitambo. Jeshi liliweka ngome mahali hapo kwa sababu ya mitambo, waasi walishambulia kwa sababu hiyo hiyo, na mitambo ilikuwa na thamani kwa pande zote mbili kwa sababu kulikuwa na watu walioijua.

Amani iliyofuata chini ya Rais Mobutu Sese Seko ilileta mwajiri mpya. Shirika la taifa la umeme, SNEL, liliundwa mwaka 1970 na katika miaka iliyofuata likazimeza kampuni za zamani, pamoja na Forces de l'Est. Reli na meli za CFL nazo ziliunganishwa mwaka 1974 katika shirika moja la taifa, ambalo leo linaitwa SNCC. Kwa muda mfupi mfanyakazi wa mashirika hayo alikuwa mtu mwenye bahati. Sarafu ya zaire, iliyoanza mwaka 1967, ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani, nyumba ilikuwa ya shirika, na watoto walisoma. Kisha bei ya shaba ikaporomoka kuanzia 1974, katika wakati ule ule ambapo agizo la tarehe 30 Novemba 1973 la kutaifisha biashara za wageni, lililojulikana kama zairianisheni, lilikuwa limewakabidhi maduka na mashamba watu ambao wengi wao hawakuyajua. Reli ya Benguela iliyopeleka shaba ya Katanga kwenye bahari ya Atlantiki kupitia Angola ilifungwa na vita mwaka 1975. Katika hali hiyo serikali ililipa madeni yake kwa kuchapisha noti. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikabadilishwa kwa zaire mpya 100,000, maana yake faranga moja ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za ile sarafu ya 1967. Mfanyakazi aliyeajiriwa katika mwaka wa zaire yenye thamani ya dola mbili, akaweka akiba yake kwa uaminifu hadi kustaafu, alikuta akiba hiyo haiwezi kununua kiberiti.

Wakongo walikuwa na jina la kejeli kwa namna ya kuishi iliyofuata: Ibara ya 15, kifungu cha katiba ya kubuni kinachomwamuru kila raia ajitafutie. Serikali ilipoacha kuwalipa walimu kwa kiwango chochote chenye maana mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi ndio walioanza kuwalipa kwa michango, na utaratibu huo ulidumu hadi elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa mwaka 2019. Wafanyakazi wa reli walikaa miezi mingi bila mshahara huku wakiendelea kufika kazini. Filtisaf ilisimama katika muongo huo huo. Katika familia za kambi mpangilio wa zamani uligeuka: mke, ambaye kampuni ilimtaka akae nyumbani, ndiye aliyelisha nyumba kwa kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani ambao ng'ambo huitwa dagaa, kwa kulima mihogo, kwa kushona na kwa kusafiri na bidhaa katika meli, huku mume akibaki na cheo, sare na namba ya matrikili. Ubishi juu ya nani hasa aliyestahimili katika miaka hiyo hauna budi kuanzia hapo, kwani fahari ya fundi aliyekwenda zamu bila kulipwa ilibebwa na beseni la samaki kichwani mwa mkewe.

Mwanahistoria wa Lubumbashi Donatien Dibwe dia Mwembu amechunguza mabadiliko haya katika familia za wachimbaji wa kusini mwa Katanga, na kitabu chake cha mwaka 2001 kinawaita watu hao watoto walioachwa na baba yao, baba huyo akiwa kampuni. Maelezo yake yanaeleweka kwa urahisi mahali ambapo kampuni ilisemwa kuwa ndiyo baba na ndiyo mama. Hata hivyo lugha hiyo ya ukoo ina hatari yake, kwa kuwa inamfanya mfanyakazi aonekane mtoto anayelilia mzazi, ilhali ushahidi mwingine kutoka Katanga unamwonyesha mdai anayejua hesabu. Mwaka 1965, mwaka ule ule wa shambulio la Bendera, André Yav alikamilisha kwa niaba ya chama cha waliokuwa wahudumu wa majumbani mwa Wazungu maandishi ya Kiswahili cha Katanga juu ya historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, maandishi ambayo Johannes Fabian aliyachapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Wapishi na maboi wa nyumbani, watu waliodhaniwa kuwa wa chini kabisa katika mji wa kikoloni, waliandika historia wakijiweka katikati yake. Hawakuomba huruma, walitoa orodha ya kazi zilizofanywa na watu waliozifanya.

Fahari ya namna hiyo inapaswa kutofautishwa na uvumilivu unaohubiriwa kutoka juu. Mobutu naye alihimiza kazi: kampeni ya Salongo ya miaka ya 1970 iliwatoa raia kufagia barabara na kulima bila malipo kwa jina la taifa, na wazee waliokumbuka siku za pamba ya lazima hawakuhitaji kuelezwa inafanana na nini. Dola ilijifunza kwamba fundi wa umeme, mwalimu na mpiga breki wa treni wangeendelea kufika hata bila mshahara, kwa sababu kuacha kazi kulimaanisha kupoteza nyumba ya shirika, matibabu na madai ya malimbikizo, lakini pia kwa sababu kulimaanisha kuacha kuwa mtu fulani mbele ya majirani. Kwa hesabu ya kiuchumi, uaminifu huo ulikuwa ruzuku ambayo wafanyakazi walilipa kwa shirika. Ukweli huo ulionekana wazi mwaka 2003, wakati kampuni ya migodi ya Gécamines, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi, nao waliunda jumuiya iliyoendelea kwa miaka mingi kudai kile kinachoitwa hesabu ya mwisho, yaani jumla ya kila kilichostahili kulipwa tangu siku ya kuajiriwa. Hawakudai msaada, na tofauti hiyo waliisisitiza.

Bendera haikupita katika mpango mkubwa wa namna hiyo, ila ilipita katika vita. Kabila, ambaye baada ya 1967 alijenga na chama chake cha PRP eneo la waasi katika milima ya Fizi, kaskazini mwa Bendera na si mbali nayo, akiishi kwa dhahabu na pembe za ndovu, alirudi mwaka 1996 akiwa msemaji wa muungano wa AFDL, na Kalemie ikaangukia mikononi mwao mwanzoni mwa Februari 1997. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Agosti, waasi wa RCD waliiteka. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 6.8 liliutikisa mji na kubomoa nyumba. Kuanzia 2016 mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwafukuza mamia ya maelfu ya watu kutoka vijiji vya jimbo zima. Barabara ya Kalemie kuelekea Fizi ilikuwa kwa vipindi virefu mali ya wenye bunduki, jambo ambalo kwa kituo kinachohitaji vipuri, mafuta ya transfoma na mafundi wa kukagua nguzo lina maana moja tu: kila ukarabati huanza kwa swali la usalama.

Kando ya hayo kuna mshindani asiyevaa sare. Tangu sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu raia kuchimba dhahabu na almasi kwa zana za mikono, milima ya Fizi na majirani zake imejaa mashimo, na Misisi, kaskazini mwa Bendera, ni miongoni mwa machimbo yanayojulikana zaidi. Kijana anaweza kupata huko kwa siku moja kile ambacho fundi hupata kwa mwezi, au asipate kitu kwa miezi sita. Haitoshi kusema kwamba vijana hao hawana heshima ya kazi. Wachimbaji wana vikundi, zamu, mgawanyo wa majukumu na kanuni za kugawana mchanga, na ujuzi wa kusoma mwamba ni ujuzi halisi. Walichokikataa ni ahadi ya muda mrefu, ile iliyomwambia baba yao kwamba subira ya miaka 30 itahesabiwa. Wamekwisha kuona jinsi ilivyohesabiwa.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, na Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Tanganyika, likiwa na gavana, bunge, wizara na ofisi za mashirika ya kimataifa, zote zikihitaji taa, kompyuta na vipoza hewa. Mji ambao mwaka 1959 ulihesabiwa kwa kambi za reli na kiwanda cha nguo umepanuka juu ya vilima vyake mara nyingi, huku nafasi za zile turbini tatu zilizopangwa na wajenzi zikiwa hazijajazwa. Kinachofuata ni delestaji, yaani mgawo wa umeme, ambapo mtaa mmoja huzimwa ili mwingine uwake, na jenereta za dizeli huvuma mbele ya maduka yenye uwezo. Lawama za delestaji hazimfikii mtu aliyeamua mwaka 1974 au 1993 fedha ziende wapi. Humfikia ajenti wa SNEL anayebisha hodi na ankara mkononi, na nyuma yake mtu wa zamu aliyeko Bendera, ambaye kazi yake ni kuchuja majani ya mto Kiymbi, kusikiliza beringi, na kuandika katika daftari kiasi cha umeme kilichotoka, kwa saa kilichotoka.